Ami, bunduki za kambini zimefungiwa: jibu kutoka Texas

Shikamoo ami, na salamu kwa nyote mliolidandia swali lake.

Swali lilizuka baada ya habari za Fort Stewart kule Georgia, tarehe 6 Agosti 2025. Sajenti mmoja aliwapiga risasi wenzake watano kwa bastola yake binafsi, na waliokuwa karibu wakamrukia mikono mitupu wakamlaza chini. Majeruhi wote watano walinusurika. Ami, wewe uliyetumikia Wanamaji pale Mtongwe hadi ukastaafu, ukauliza: nchi ambayo hata muuza mboga anatembea na bastola kiunoni, vipi wanajeshi wake wavamiwe kambini hawana hata rungu? Binamu naye akachomeka lake: na wewe je, unatembea nayo?

Sitaumauma maneno. Enzi zangu jeshini, ukiingia kambi ya jeshi iliyo ndani ya Marekani, ulikuwa unawaacha nje ya geti watu wenye silaha na kuwakuta ndani watu wasio nazo. Hapa Texas, tangu tarehe 1 Septemba 2021, mtu wa miaka 21 na zaidi ambaye sheria haijamkataza kumiliki bunduki anabeba bastola bila kibali cha yeyote. Anaenda nayo sokoni, anajazia nayo petroli. Lakini enzi hizo, mwanajeshi wa Killeen, mji wa jirani, aliyefika kwenye geti la kambi ya Fort Hood alfajiri kwenda mazoezini, akasahau bastola chini ya kiti cha gari, alikuwa tayari ana kesi. (Ndiyo, ni Fort Hood ile ile. Mwaka 2023 waliiita Fort Cavazos, mwaka 2025 wakairudishia Hood. Sisi wakazi tumeacha kuhangaika na vibao.)

Miaka yangu ya mwisho jeshini nilikuwa mtunza silaha wa kombania, kwa hiyo haya siyasimulii kwa kusikia. Ghala letu la silaha lilikuwa chumba cha zege kisicho na dirisha, mlango wa chuma, king'ora ukutani. Bunduki zinapangwa kwenye fremu zilizopigwa kufuli, kila moja na namba yake. Ukifungua unahesabu, ukifunga unahesabu tena, na kila mwezi anakuja mtu mwingine kuzisoma namba zote moja baada ya moja. Kikipotea kitu, hakuna anayeenda nyumbani. Nimeona watu wazima wamepanga mstari porini, wanapapasa nyasi kwa tochi hadi usiku wa manane kwa ajili ya darubini moja.

Risasi, hizo hazikai humo kabisa. Zinatoka bohari yake, mbali, kwa karatasi zenye sahihi, siku ya shabaha tu. Shabaha ikiisha, kila mmoja anasimama mbele ya sajenti, ananyoosha mikono, anapapaswa mifuko, na kutamka kwa sauti kwamba hana risasi wala ganda. Ganda tupu, ami! Kipande cha shaba kisichoweza kumtisha hata panya.

Wewe haya hayakushangazi, najua. Kinachowauma wenzangu wa huku ni kwamba wanajeshi hao hao, walipokuwa Iraq au Afghanistan, walikula na bunduki, wakalala nayo, wakaenda nayo msalani. Kuonekana bila silaha ndilo lililokuwa kosa. Siku ya kurudi nyumbani wanaikabidhi pale dirishani kwangu, na kuanzia hapo muuza mboga wako, ami, anaaminiwa kuliko wao.

Wengi watakwambia mambo haya aliyaleta Clinton. Si kweli. Waraka wa Wizara ya Ulinzi uliobana ubebaji wa silaha kambini ulitoka Februari 1992, Bush mzee angali Ikulu. Jeshi la nchi kavu likaufuatisha na kanuni zake mwaka 1993, Clinton akiwa ameshaingia, ndiyo maana lawama ikamwangukia yeye. Kiini chake kilikuwa kwamba polisi wa jeshi na walinzi wa zamu ndio wenye silaha, wengine wote waweke ghalani.

Halafu ikaja tarehe 5 Novemba 2009. Meja Nidal Hasan, daktari wa akili wa jeshi, aliingia kwenye jengo la Fort Hood ambako wanajeshi hupimwa afya na kukamilisha karatasi kabla ya kupelekwa vitani. Akaua watu 13 na kujeruhi zaidi ya 30. Bastola aliinunua kihalali dukani, hapa hapa Killeen. Michael Cahill, raia, msaidizi wa daktari mwenye umri wa miaka 62, alimvamia kwa kiti na akauawa. Waliokuja kummaliza nguvu Hasan walikuwa askari polisi wawili wa kambi, raia vilevile. Hebu lifikirie hilo: jengo limejaa wanajeshi waliofunzwa kulenga shabaha, na silaha waliyoipata ni kiti.

Tangu siku ile ukizungumza na wanaotaka wanajeshi waruhusiwe kubeba bastola zao, wanaanzia kwenye kiti kile. Wana haki ya kuanzia hapo. Wana na hoja nyingine ambayo huko nyumbani hamuisikii: geti halikukunyang'anya silaha kambini pekee. Ukijua utaingia kambini asubuhi, ilibidi uiache nyumbani, kwa hiyo hukuwa na kitu njia nzima, kwenda na kurudi, na ukimpitia mtoto shuleni pia hukuwa nayo. Wakati jirani yako fundi bomba alikuwa nayo.

Mwaka 2015 hoja yao iliongezeka uzito. Tarehe 16 Julai, Chattanooga, Tennessee, mtu mmoja alifyatua risasi kwenye ofisi ya kuandikisha makuruta, kisha akaenda kituo cha akiba cha wanamaji. Wakafa wanamaji wa nchi kavu (Marines) wanne, na baharia mmoja akafa siku mbili baadaye. Ofisi ile ya makuruta iko kwenye maduka ya barabarani, vioo vitupu, na mlangoni ilikuwa na kibao kwamba silaha haziruhusiwi. Kamanda wa kituo cha wanamaji alimjibu mshambuliaji kwa bastola yake mwenyewe, ambayo kikanuni hakutakiwa kuwa nayo pale. Watu wakaanza kubishana iwapo atashtakiwa. Hakushtakiwa, lakini kule kubishana tu kuliwakera wengi.

Bunge likaingilia, na Novemba 2016 Wizara ikatoa waraka mpya: kamanda anaweza kumruhusu mwanajeshi kwa maandishi kubeba bastola yake kambini kwa ajili ya kujilinda. Trump alikuwa ameahidi kwenye kampeni kufuta kambi zisizo na bunduki siku yake ya kwanza. Pale kwangu dirishani, sikuona barua hata moja ya namna hiyo. Kamanda anayetia sahihi anajiuliza swali moja tu: kijana huyu akimpiga mtu, nani ataulizwa?

Mark Milley ndiye aliyekuwa kamanda wa Fort Hood mwaka 2014 tuliposhambuliwa tena. Alipokuwa mkuu wa jeshi la nchi kavu, mwaka 2016, aliwaambia maseneta kwamba haungi mkono kila mtu kubeba silaha kambini. Nilikuwa namwona mwoga wa siasa. Nikaja kukabidhiwa funguo za ghala.

Kwa sababu ghala letu halikuwa na bunduki za serikali peke yake. Kijana anayelala kwenye mabweni ya jeshi haruhusiwi kuweka bunduki yake chumbani. Anaileta kwa mtunza silaha, inaandikishwa, inafungiwa kizimba cha pembeni. Ijumaa jioni wanapanga foleni na karatasi ya kamanda: huyu anaenda kuwinda paa, huyu nguruwe mwitu wanaoharibu mashamba ya watu. Wanacheka, wananukia manukato. Jumapili usiku wanarudisha.

Jumanne moja, saa ya kufunga, akaja kijana wa miaka 20 hivi anataka bastola yake. Hana karatasi. Mke aliyemwoa miezi michache kabla ameondoka na gari. Hakuinua sauti, alisema tu anataka kwenda kuiuza. Nikamwambia bila karatasi sifungui, asubiri nimwite sajenti mkuu. Alisubiri ameegemea ukuta, anafungua na kufunga zipu ya jaketi lake, juu, chini, juu, chini. Sajenti mkuu akaja, akamtazama, akamchukua kwa mkono moja kwa moja hadi kwa padri wa kikosi. Yule kijana yuko hai, anaendesha lori. Siku hizi hunitumia picha za barabarani, na hatujawahi kuizungumzia Jumanne ile.

Ami, hiyo ndiyo habari ambayo televisheni haiwaletei. Mashambulizi ya kambini unaweza kuyahesabu. Wanaojiua hawakosi mwaka wowote, na kwa taarifa za Wizara ya Ulinzi yenyewe zaidi ya nusu yao hutumia bunduki, nyingi zikiwa zao binafsi. Mwaka 2023 kamati huru iliyoundwa kulichunguza jambo hili ilipendekeza kwamba anayenunua bunduki kwenye maduka ya kambini asubiri siku saba, na awe na miaka 25. Naam, maduka ya kambini huuza bunduki! Duka hilo hilo la televisheni na viatu vya watoto. Enzi zangu ulinunua halali, kisha ukaambiwa usiibebe hapo uliponunulia. Waziri alipokea mapendekezo mengi ya kamati, lakini hayo mawili ya bunduki hakuyapitisha.

Na hata ile ya 2014 tuitazame vizuri. Mwanajeshi aliyeua wenzake watatu tarehe 2 Aprili aliwaka baada ya ugomvi kuhusu ombi la likizo. Bastola aliinunua mjini, hakuiandikisha kambini. Alipokutana na polisi wa jeshi, mwanamke, akajimaliza. Wenye hoja ya kubeba watasema: angekuwepo mwenye bastola ofisini angemzuia. Huenda. Mimi naona pia ofisi yenye bastola kumi na ugomvi wa likizo kila Ijumaa.

Msimamo wangu basi, kwa kuwa mmeuuliza. Waliokaa nyuma ya vioo barabarani wakiandikisha makuruta wapewe silaha na mafunzo, kwani kuwaacha vile ni kuwatoa sadaka. Walinzi waongezwe, wasiwe wale wa kukagua vitambulisho tu. Lakini mabweni ya vijana wa miaka 19 na 20, mbali na mama zao, na mshahara umeshakatwa mkopo wa gari, hapana. Mke wangu hakubaliani nami. Ni muuguzi wa zamu ya usiku, anapita maegesho ya giza saa tano, na kwake swali ni fupi: polisi watafika lini? Sina jibu la kumtosheleza.

Shambulio la jengo la maduka la Westgate nalo halituachi. Tarehe 16 Septemba 2013 mtu aliua watu 12 kwenye kambi ya wanamaji ya Navy Yard, Washington. Siku tano baadaye yakatufika sisi Nairobi, watu 67. Sote tunakumbuka raia wenye leseni zao walioingia na bastola kutoa watu kabla serikali haijajipanga, na sote tuliwapenda. Tunakumbuka pia kwamba vikosi vilipojumuika, kamanda wa Recce, kikosi maalumu cha polisi, aliripotiwa kuuawa kwa risasi ya wanajeshi wetu wenyewe. Hao ni watu waliofunzwa, wenye sare. Sasa chora ofisi ya kambi, watu arobaini wamechomoa bastola kwa mpigo, polisi wanaingia hawajui adui ni yupi.

Binamu, lako: ninayo. Moja, kwenye sefu chumbani, na ufunguo hauning'inii msumarini. Sitembei nayo. Niliinunua nikiwa na uraia tayari, baada ya kujaza fomu ya serikali kuu na kuchunguzwa rekodi dukani, jambo lililochukua muda mfupi kuliko kupata laini ya simu huko Mombasa.

Lakini wewe unayetaka kuja kwa viza ya masomo, sikiliza kwa masikio yote mawili. Mwenye viza ya muda hatakiwi kumiliki wala kushika bunduki wala risasi, isipokuwa kwa vifungu vichache kama leseni ya uwindaji. Kwa kifungu hicho hicho cha uwindaji ofisa mwanafunzi wa jeshi la anga la Saudia alinunua bastola Florida, na tarehe 6 Desemba 2019 akaua mabaharia watatu kambini Pensacola. Tangu hapo wageni wenye bunduki hawatazamwi kwa jicho la kawaida. Na viza ikishapitiliza, hata kukodi bunduki kwenye uwanja wa shabaha kwa ajili ya picha ni kosa la jinai. Mwanafunzi mmoja kutoka Falme za Kiarabu, Rehaif, alikamatwa kwa sababu ya siku moja ya shabaha, na kesi yake ikafika Mahakama ya Juu mwaka 2019. Kilichomwokoa pale ni kwamba serikali ilitakiwa ithibitishe alijua hadhi yake ya uhamiaji. Wewe sasa unajua, kwa hiyo utetezi huo huna. Adhabu, tangu sheria ya 2022, inaweza kufika miaka 15 jela.

Kuna vijana wetu Dallas wanaoposti video wakiwa wameshika bunduki za rafiki zao ili wasichana wa Bamburi waone. Wengine nawajua hawana makaratasi. Ukifika watakualika. Waambie una mtihani. Ukitaka picha ya kijeshi, nitakupeleka kwenye vifaru vya zamani walivyoviweka kwa ajili ya wageni. Kuvipanda hawataki, kuegemea hawana neno.