Skima iwake saa ngapi kwa siku kwenye tangi la matumbawe?

Saa 24. Skima ni kifaa kinachosafisha maji ya tangi kwa kutengeneza povu linalobeba uchafu. Tangi likishakuwa na samaki na matumbawe, skima haina zamu ya mchana wala ya usiku. Huzimwa kwa kazi maalumu yenye mwisho unaojulikana, na kazi hiyo ikiisha inawashwa tena. Wengi wanaoanza huifunga kwenye taima ili kupunguza umeme au kelele, na hapo ndipo mwani unapoanza kuota juu ya mawe bila wao kuelewa umetoka wapi.

Skima hutegemea viputo vidogo vya hewa. Protini, mafuta na mabaki ya chakula na kinyesi vina upande unaopenda maji na upande unaoyakimbia, kwa hiyo hunata kwenye ngozi ya kiputo, vikapanda nacho hadi kwenye shingo ya skima na kumwagikia kikombe cha kukusanyia kama povu chafu. Uchafu huo unatoka kabla bakteria hawajauvunja kuwa amonia, kisha nitriti, kisha nitrati. Neno la kushika hapo ni "kabla". Nitrati ikishazaliwa hainati kwenye kiputo, hata skima iwe kubwa kiasi gani. Kila saa skima inapolala, sehemu ya uchafu inavuka kwenda mahali ambapo haiwezi kuufuata tena.

Kazi hiyo pia ni ya polepole na ina kikomo. Vipimo alivyochapisha mkemia Ken Feldman mwaka 2009 na 2010 vilionyesha kwamba skima alizojaribu zilitoa takriban asilimia 20 hadi 30 tu ya kaboni ya kioganiki (inayotokana na viumbe na mabaki yao) inayopimika majini. Chombo chenye kikomo hicho hakifai kupunguziwa saa za kazi.

Sababu ya pili ni hewa, na kwa maoni yetu ndiyo inayosahaulika zaidi. Skima huchanganya maji na hewa kwa nguvu: huingiza oksijeni na kutoa kaboni dayoksaidi. Taa zikizimika, usanisinuru unasimama, lakini samaki, matumbawe, mwani na bakteria wote wanaendelea kuvuta oksijeni. Kiwango chake huwa chini kabisa muda mfupi kabla taa hazijawaka tena, na pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imeongezeka) nayo hushuka. Si ajabu ikawa 8.3 jioni na 7.9 alfajiri. Ukizima skima usiku ili ulale bila kelele, umeiondoa saa ambayo tangi linaihitaji kuliko zote. Ikiwa kelele inakukera, shughulikia kelele yenyewe: weka kipande cha mpira laini chini ya skima na kifaa cha kunyamazisha kwenye mdomo wa mrija wa hewa. Na kama pH iko chini mchana kutwa kwa sababu madirisha hufungwa na watu ni wengi chumbani, refusha mrija wa hewa hadi nje ya nyumba.

Sasa nyakati za kuizima. Unapolisha matumbawe vyakula vya ungaunga au fitoplanktoni (mwani mdogo sana unaoelea majini), zima kwa dakika 30 hadi 60, la sivyo chakula kitaishia kikombeni. Unapoweka bakteria wa chupa, fuata maelezo ya chupa. Mara nyingi ni saa 24 hadi 48. Katika muda huo pampu za mawimbi ziendelee kutikisa uso wa maji, au uweke jiwe la hewa. Dawa zina kanuni yake: nyingi hufanya povu lifurike, kwa hiyo ondoa kikombe na uache viputo viendelee kuingiza hewa, hasa ukitibu sianobakteria (bakteria wanaotanda kama utelezi), kwa sababu wakifa na kuoza wanakula oksijeni nyingi. Gundi ya epoksi ya kubandikia matumbawe nayo hufurisha kikombe, pengine siku nzima. Teremsha kiwango cha povu kabla hujaanza kubandika.

Kosa linalomwaga maji sakafuni ni la mpangilio tu. Pampu ya kurudisha maji ikizimwa, maji ya juu ya tangi hushuka kwenye sampu (tangi dogo la chini linalowekwa vifaa) na kina cha sampu kinapanda. Skima ikiendelea kufanya kazi ndani ya kina hicho, povu linageuka maji na kikombe kinafurika. Zima skima kwanza, halafu pampu. Wakati wa kuwasha fanya kinyume: pampu kwanza, subiri dakika 5 hadi 10 kina cha sampu kitulie, ndipo uwashe skima. Umeme ukikatika na kurudi wenyewe, vyote viwili huwaka pamoja, kwa hiyo plagi inayochelewesha skima kuwaka ni ununuzi wa maana. Swichi ya kuelea kwenye kikombe ni kinga ya pili.

Kina hicho cha maji kinahitaji uangalifu kila siku. Skima nyingi za ndani ya sampu hutaka kati ya sentimita 15 na 25, na kila muundo una kiwango chake. Iweke kwenye chumba cha sampu ambacho kina hakibadiliki, kamwe si kile cha pampu ya kurudisha, kwa kuwa uvukizi unashusha maji hapo kila saa. Kina kikiyumba kwa sentimita mbili, povu la jana si la leo, nawe utazungusha vali bila mwisho.

Skima mpya isikutie wasiwasi. Siku 3 hadi 14 za mwanzo hutoa viputo vya hovyo: leo kikombe kikavu, kesho kimefurika. Plastiki ina mabaki ya mafuta ya kiwandani na bado haijapata utando wa kioganiki. Ioshe kwa siki na maji kabla ya kuifunga, iache iende mfululizo, na usirekebishe zaidi ya mara moja kwa siku. Tangi jipya lisilo na samaki litakupa kikombe kikavu kwa sababu hakuna cha kukusanya.

Je, maji yakiwa safi kupita kiasi? Hutokea. Nitrati na fosfati zote zikisoma sifuri, matumbawe hupauka na dinoflagelati (viumbe vidogo sana vinavyotanda kama kamasi ya kahawia) hupata nafasi. Lenga nitrati ya miligramu 2 hadi 10 kwa lita na fosfati ya 0.03 hadi 0.1. Usikimbilie taima. Kwanza ongeza chakula cha samaki, kisha shusha povu ili likusanye kidogo na lililo kavu, huku hewa ikiendelea kuingia. Ikibidi kupunguza saa, zima mchana wakati taa zinawaka, usiku iende.

Povu jepesi lenye rangi ya chai hutoa uchafu mwingi zaidi, lakini linachukua chumvi. Tangi la lita 300 lenye gramu 35 za chumvi kwa lita, likipoteza lita moja kwa siku na kujaziwa maji yasiyo na chumvi, linapoteza takriban gramu 245 kwa wiki. Chumvi inashuka hadi karibu 34.2. Pima kila wiki. Povu zito la rangi ya kahawa nyeusi halina shida hiyo.

Futa shingo kila baada ya siku 2 hadi 4. Mafuta yaliyoganda hapo huvunja povu kabla halijafika juu, na mtu hudhani skima imeharibika. Kila mwezi pitisha maji ya uvuguvugu yasiyo na chumvi kwenye mrija wa hewa. Chumvi ikiganda kwenye tundu lake, viputo hupungua kimyakimya. Kila miezi 3 loweka pampu kwenye siki na maji, nusu kwa nusu, kwa saa chache, sugua rota (sehemu ya pampu inayozunguka) kwa brashi ndogo, suuza vizuri, na urudishe tangini siku hiyohiyo.