Aliyekupokea stendi ya Uyole

Tukuyu, mvua haijakatika tangu juzi

Mwanangu,

Ndaga kwa ujumbe wa sauti. Nimeusikiliza mara mbili, ya pili nikiwa jikoni namenya ndizi. Unasema kikundi chenu cha malezi ya pamoja hapo Iringa mlikianzisha akina baba tisa mlioachana na wake zenu. Sasa akina mama wanaomba kuingia, na wenzako wengine wanahofu kwamba wakiingia, mlichokusudia kitapotea. Unaniuliza, "Mama, tuwapokee?"

Umemwuliza mtu ambaye miaka ile kikundi chako kingemwita mbaya wenu. Tulipoachana na baba yako ulikuwa na miaka mitano, na karibu mwaka mzima sikukupeleka kwake. Nilisikia kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema mtoto wa chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa ni heri akae na mama, nikaishia hapo hapo. Hakuna aliyeniambia kuwa hiyo ni dhana tu, na mahakama inaweza kuiweka kando ikiona haimfai mtoto. Sheria ya Mtoto ilipokuja mwaka 2009 na kuandika wazi kuwa mtoto ana haki ya kumtembelea mzazi asiyekaa naye, wewe ulishaota ndevu.

Kikundi kama chenu kingekuwapo wakati ule, baba yako angekuja kulalamika, wenzake wangempa pole, na mimi huku nisingesikia hata neno moja. Aliyetukwamua ni bibi yako mzaa baba. Alipanda kutoka Kyela na mchele wake, akalala kwangu siku mbili bila kumtaja mwanawe. Siku ya tatu, akifunga mzigo, akasema anamwomba mjukuu wakati wa likizo. Ningemnyima vipi?

Na baada ya hapo, unakumbuka nani alikuwa anakupokea Uyole? Baba yako alikuwa na lori, leo Tunduma, kesho Dar es Salaam. Ukishuka ulikuwa unamkuta shangazi yako, au yule mke mpya wa baba yako. Nilimchukia, nisikufiche. Lakini siku moja alinitumia kikaratasi ndani ya begi lako: maharage yanakusumbua tumbo, kwa hiyo kwake huli. Mimi mzazi wako nilikuwa nadhani unadeka.

Ndiyo maana daftari lenu la wanachama, ulilonipigia picha, limenishangaza. Lina "baba" na "mama" tu, tena linauliza namba ya cheti cha ndoa. Bibi anaandikwa wapi? Mama wa kambo je? Na wale waliozaa bila kuoana, ambao huku kwetu unawajua walivyo wengi, watoto wao hawana haja ya wazazi wawili?

Wapokeeni. Ila kuwapokea si kutamka tu kwamba mlango uko wazi. Mnakutana baa, Jumamosi saa moja usiku. Mama mwenye mtoto mgongoni haji hapo, shehe haji, mlokole haji. Kisha mtasema tuliwaalika wakakataa. Tafuteni darasa la shule siku ya Jumapili mchana. Na huyo mama wa kwanza atakayejiunga msimfanye mpika chai.

Hofu ya wenzako hata hivyo siidharau. Siku tulipoitwa kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, kwa kuwa kwa kawaida huwezi kuomba talaka mahakamani kabla ya kupita huko, waliokaa mezani wote walikuwa wanaume. Nilikuwa na mengi, nikasema matatu. Baadaye baba yako alikwenda kuonana na watu wa ustawi wa jamii, akakuta wanawake watupu, naye akarudi hajasema kilichompeleka. Alikuja kunisimulia miaka mingi baadaye, tukacheka. Kwa hiyo akina baba waachieni saa yao ya kukaa peke yao, na akina mama yao, halafu mkutane. Mwanaume akimlilia mtoto wake hataki hadhira.

Kuna jambo moja msilikosee. Atakuja mama aliyekimbia kipigo. Huyo msimhubirie malezi ya pamoja siku ya kwanza, wala msimpe mume wake namba yake ya simu eti mnapatanisha. Pengine mtoto akabidhiwe kwa mkono wa shangazi au mbele ya afisa ustawi, wazazi wasionane kabisa. Pengine hata hilo lisubiri. Atakuja vilevile baba aliyepigwa, naye msimcheke. Wanaume wa huku wakisikia hivyo hucheka, nawajua.

Hayo ya nani awe mwenyekiti yamalizeni wenyewe.

Parachichi zimekomaa. Nimejaza viroba viwili na kesho nitampa kondakta wa basi la asubuhi. Kimoja ni cha wajukuu zangu, nusu ibaki kwako, nusu ipelekwe kwa mama yao. Cha pili ni cha baba yako, kishushwe Uyole. Mpigie umwambie aende akakichukue mwenyewe, asimtume tena mkewe, mgongo unamsumbua yule.

Mama yako