Mume wangu anachoma zebaki jikoni ili apate dhahabu

SWALI: Assalaam alaykum sheikh wetu. Mume wangu alipunguzwa kazini mwaka jana. Baadaye akakutana na mtu anayejiita mtaalamu wa kimiya, yaani ufundi wa kugeuza madini duni kuwa dhahabu, mwenye nakala ya kitabu anachodai ni cha Jabir bin Hayyan, bingwa wa zamani wa kimiya. Alikuja nyumbani, akamimina zebaki kwenye chungu, akatia unga mwekundu, akachochea moto, ikabaki punje ya dhahabu. Sonara akaipima: dhahabu kweli, nusu gramu. Tangu hapo mume wangu amempa akiba yetu yote, akaazima na mkufu wangu wa mahari, gramu 12. Sasa anataka niuze kiwanja nilichorithi kwa marehemu baba. Anasema hii ndiyo elimu ya Qaruni, yule tajiri anayetajwa katika Qur'ani, na kwamba hata wazungu wamegeuza madini ya risasi kuwa dhahabu. Nikikataa ananiambia simtii. Nina mtoto wa miezi minane na wao wanachoma jikoni karibu kila siku. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu.

Swali lako nimelisoma mara mbili, na kilichonikosesha usingizi si kimiya, ni huyo mtoto. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki, nao huharibu ubongo na figo, na wachanga ndio huumia zaidi. Mtoe mtoto humo leo. Nenda kwenu au kwa wifi yako, kisha mpeleke hospitali na useme wazi kwamba zebaki imechomwa ndani ya nyumba. Usione haya, na usingoje ruhusa ya mtu. Mtume (s.a.w.) amesema hakuna kudhuru wala kudhuriana.

Kiwanja ni mali yako. Utiifu wa mke kwa mume haumpi mume milki ya urithi wa mke. Ukikataa kuuza hujaasi, na anayekutajia utiifu hapo anaitumia dini kama bisibisi.

Ama Qaruni. Aliposema kuwa amepewa mali ile kwa elimu aliyo nayo (Qur'ani 28:78), wapo waliofasiri kwamba elimu hiyo ni kimiya. Ibn Kathir, mfasiri wa Qur'ani, aliikataa kauli hiyo palepale kwenye aya, akaiita dhaifu, akakumbusha Hadith Qudsi inayowauliza wanaotaka kuumba kama Allah: basi na waumbe punje moja ya shayiri. Tena aya inanukuu jeuri ya Qaruni, haiisifu. Aya tatu mbele ardhi inammeza yeye na nyumba yake. Anayetaka ufundi wa Qaruni na asome mpaka huko.

Kuhusu Jabir, jina kwenye jalada si sanad, yaani si mlolongo wa wapokezi wa kuaminika. Anatajwa kuwa mtu wa mji wa Kufa, Iraki, karne ya pili Hijria, na vitabu vilivyobandikwa jina lake ni vingi mno kwa mtu mmoja kuviandika. Ibn al-Nadim, mwandishi wa orodha ya vitabu, katika karne ya nne Hijria, alikwisha kuandika kwamba wapo wanaosema mtu huyo hakuwahi kuwepo. Sisemi hivyo mimi. Nasema tu kwamba nakala aliyonayo huyo bwana haina wa kuidhamini.

Wala msidanganywe kwamba wanachuoni wa Kiislamu waliafikiana juu ya kimiya. Al-Kindi, mwanafalsafa, aliipinga. Al-Razi tabibu akaitetea. Ibn Sina akasema fundi ataipaka shaba rangi ya dhahabu mpaka imdanganye mjuzi, lakini asili yake haibadiliki. Tughrai, mtetezi wa kimiya, akaja kumjibu. Ibn Khaldun, mwanahistoria, ana maneno yanayonichekesha kila nikiyakumbuka: Ibn Sina aliyesema haiwezekani alikuwa waziri na tajiri, na al-Farabi aliyesema inawezekana alikuwa fukara asiye na chakula cha kumtosha. Akaongeza kwamba wengi wanaoikimbilia ni watu walioshindwa kupata riziki kwa njia za kawaida. Maneno hayo ya mwisho hayanichekeshi, kwa sababu yanamgusa mumeo.

Sasa hao wazungu. Ni kweli. Mwezi Mei 2025 watafiti wa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, walitangaza kwamba viini vya atomi za risasi vinavyopishana kwa kasi ya ajabu ndani ya mtambo wao hupoteza protoni tatu na kuwa dhahabu. Mtambo huo ni duara la kilomita 27. Kati ya 2015 na 2018 walipata viini bilioni 86. Mumeo akisikia bilioni 86 atasimama, basi mwambie na uzito wake: ukiigawa gramu moja mafungu trilioni, wao walipata mafungu 29, na hayo yalivunjika papo hapo. Hiyo haitoshi hata kipini cha pua cha sisimizi.

Hapa nitawakera baadhi ya wenzangu wanaohutubia kwamba kimiya ni haramu kwa kuwa haiwezekani kabisa, au kwamba ni sihri (uchawi) na mwenye kuifanya ni mshirikina. Tukiisimamisha hukumu juu ya "haiwezekani", siku mtambo ukigeuza chembe tutaonekana waongo, na tapeli ataonekana mkweli. Ibn Hajar al-Haytami, na kitabu chake cha fiqhi, Tuhfa, sisi Mashafi tunakifahamu, alipambanua vizuri zaidi: mwenye elimu ya yakini ya kugeuza kitu uhalisi wake hana makosa, asiye na yakini hiyo, kazi yake inaishia kwenye ghishi, yaani udanganyifu, na ghishi ni haramu. Nami nasimama hapo. Hatuhitaji kujua siri za maumbile ili tumjue mwizi.

Na huyu ni mwizi, tena ujanja wake ni wa zamani. Waulize wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita: wanachanganya mchanga na zebaki, zebaki inaikamata dhahabu, wanakamua kwenye kitambaa, wanachoma, zebaki inaruka na dhahabu inabaki. Zebaki humeza dhahabu usiione. Kwa hiyo anayekuja na zebaki yake mwenyewe anaweza kuja na dhahabu yake imo ndani. Mkimpa zebaki yenu, ataiweka kwenye unga. Mkiukagua unga, kuna kijiti cha kukorogea, kimetobolewa, kikajazwa vumbi la dhahabu na kuzibwa kwa nta. Ndiyo maana sikushauri mumjaribu tena.

Al-Jawbari, mtu wa Sham aliyeandika kitabu cha kufichua hila za matapeli, anasimulia ya Mwajemi aliyekuja Dameski zama za sultani Nuruddin Zengi. Alizisaga dinari 1,000 za dhahabu, akazichanganya na makaa na unga, akafinyanga vidonge, akajifanya dervishi, yaani fukara wa Kisufi, na kumuuzia mwuza dawa kwa bei ya bure. Akaviita tabarmaki ya Khorasan. Kisha akavaa vizuri, akasema anajua kimiya, ila anahitaji tabarmaki. Ikatafutwa mjini, ikapatikana kwa yule mwuza dawa, ikachomwa mbele ya sultani: dhahabu! Ilipokwisha akasema kule Khorasan liko pango zima lililojaa tabarmaki, na sultani akampa mali nyingi akailete. Hakurudi. Mtu mmoja mjini akaandika orodha ya wapumbavu, jina la sultani likiwa juu. Alipoulizwa akasema: akirudi, nitalifuta lako niandike lake.

Nuruddin hakuwa mjinga. Alikuwa mfalme mcha Mungu, mpiganaji, mpenda wanachuoni, naye aliliwa. Basi usimwite mumeo mpumbavu. Ametoka kazini, anaona aibu kurudi nyumbani mikono mitupu, na mtu amempa jambo la kufanya kila siku. Umwambie haya ukiwa umekaa naye vizuri, si mbele ya ndugu zake. Mtafute imamu wenu au mzee anayemheshimu azungumze naye, na yule bwana ashitakiwe polisi kwa utapeli, maana kesho atakuwa kwenye jiko la mwanamke mwingine. Hati ya kiwanja mpe kaka yako akuwekee.

Akiba ikirudi ni kheri. Mkufu ni deni juu ya mumeo: aliazima dhahabu yako, atakurudishia dhahabu kwa uzito wake, si shilingi za siku ile. Mpe muda mpaka apate, Allah amewausia wanaodai wawape nafasi wenye dhiki. Na ile punje ya nusu gramu, akukabidhi sasa hivi, mwandike kwamba zimebaki gramu 11 na nusu.

Wallahu a'lam.