Usiku kucha anaita "niinue!"

"Shangazi, shikamoo. Mwanangu ana miaka 20, kamaliza kidato cha sita, anasubiri chuo. Usiku halali. Namsikia chumbani peke yake, 'niinue, niinue!' Juzi saa nane usiku nikamnyang'anya simu, akatokwa machozi. Wifi yangu anasema karogwa. Nifanyeje?" Mama K., Ujiji.

Marahaba, Mama K. Mganga mwache apumzike. Hilo "niinue" linanipa picha ya gemu kama Free Fire: watu 50 wanashushwa kisiwani, mara nyingi wanne wanne, na aliyeangushwa hutambaa mpaka mwenzake amfikie, amwinue. Ulipochukua simu, huenda kuna kijana Mombasa alikuwa anatambaa kumfuata mwanao, akamkuta kasimama kama gogo. Machozi yale ni ya aibu.

Wewe ni mtu wa Ujiji, hili unalijua. Mvuvi wa dagaa akishatoka Kibirizi na wenzake, taa zikawaka, hawezi kusema saa sita za usiku, "Nimechoka, nirudisheni." Wako katoka bwenini, rafiki zake wametawanyika, kazi hana. Kule ana cheo, na asipofika anatafutwa. Hapo nyumbani nani kamtafuta wiki hii, ukiacha kumtuma dukani?

Ila mvuvi ana mbalamwezi. Mwezi ukikomaa dagaa hawafuati taa, basi anashona nyavu, analala. Gemu haina mbalamwezi, na wenyewe wamekusudia: kila msimu mpya vyeo vinashushwa mpande tena, na kila siku ukiingia kuna kizawadi. Hapo lawama yangu ni kwao, si kwa mtoto.

Shirika la Afya Duniani limeuweka ugonjwa wa gemu kwenye orodha yake iliyoanza kutumika 2022, lakini kukesha tu hakutoshi. Wanamtazama aliyeshindwa kujizuia, mengine kayaweka nyuma, anaumia na bado anaendelea, kwa kawaida kwa miezi 12. Wako anakula? Anaoga? Maombi ya chuo kayatuma? Kama hata hayo kayaacha, nendeni hospitali ya Maweni mkamwone daktari.

Kama bado, mrudishie simu leo, awaombe wenzake radhi. Kaa pembeni utazame mechi moja, haifiki nusu saa, umuulize yupi ni yupi. (Utachoka, vumilia.) Ikiisha, mchague pamoja siku zake za mbalamwezi, na kikosi akiage mwenyewe, mapema, kabla taa hazijawashwa.