Moja mwilini, moja kambani, moja begini

Barua tatu za toleo hili zinahusu kufua na kukausha: mbili zinauliza namna ya kufua ukiwa njiani bila kubeba nusu ya kabati, ya tatu ni ya nguo zisizokauka nyumbani.

SWALI: Mwanangu anayefanya kazi ng'ambo amenilipia safari ya meli ya kitalii, siku 10 kwenye Bahari ya Mediterania. Ndugu wananiambia nijaze mabegi mawili kwa sababu kufulisha melini ni ghali. Mimi nimezoea kufua kwa mkono. Je, chumbani kunafulika? Na pasi nibebe?
Mama, Mafinga

JIBU: Shikamoo mama. Begi moja linatosha, na pasi iache Mafinga. Kampuni za meli hizo hukataza pasi na vifaa vya kuchemshia kwa kuogopa moto. Ikionekana kwenye mashine ya ukaguzi unapopanda, huchukuliwa na kwa kawaida utarudishiwa siku ya kushuka.

Ndugu wamekutisha kwa sababu dobi wa melini hutoza kwa kila nguo, hata soksi. Meli nyingi za kampuni za Princess na Carnival zina chumba cha mashine za kujifulia mwenyewe kwa malipo. Za Royal Caribbean hazina. Mwulize mwanao ni kampuni gani. Hata kama mashine hazipo, sinki la chumbani linatosha kwa nguo ndogo na blauzi.

Jambo la kuelewa ni kwamba kufua safarini si kazi ya kutakatisha, ni kazi ya kukausha. Jasho la siku moja hutoka kwa sabuni kidogo tu. Kinachoshinda watu ni nguo ambayo asubuhi bado mbichi. Kwa hiyo chagua nguo kwa kitambaa chake. Pamba hunywa maji ndani ya uzi wenyewe, ilhali maji ya poliesta na nailoni hukaa zaidi kati ya nyuzi na hutoka haraka. Pita mitumbani Mlandege ukiwa Iringa, usome kile kitambulisho kidogo cha ndani ya mshono: tafuta poliesta au mchanganyiko ambao poliesta imezidi nusu. Jinzi usibebe kabisa, haitakauka chumbani.

Blauzi nne, sketi au suruali mbili nyepesi, gauni moja la kitenge kwa chakula cha jioni cha kupendeza, chupi nne, sidiria mbili, soksi jozi tatu, sweta moja, kanga mbili. Hesabu hiyo inajumuisha utakazovaa kwenye ndege. Kitenge kipya kifue nyumbani kwanza, peke yake, mpaka maji ya kusuuzia yasitoke rangi, la sivyo kitaharibu blauzi yako nyeupe ndani ya sinki la watu. Uzuri wa kitenge ni kwamba maua yake huficha mikunjo, na wewe pasi huna.

Sabuni chukua ya mche, ukate kipande cha upana wa vidole viwili. Haimwagiki, na haikugombanishi na wakaguzi wa uwanja wa ndege, ambao kwenye begi la mkononi kwa kawaida hawaruhusu chombo cha maji kinachozidi mililita 100. Itumie kwa uchoyo. Maji mengi ya meli za namna hiyo hutokana na maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi, hivyo ni laini na povu huja upesi. Ukizidisha sabuni utasuuza mara tano, na ile isiyotoka hukausha kitambaa kikawa kikavu kama ganda na kuwasha ngozi.

Sinki lenyewe ni la kina kifupi, kwa hiyo fua nguo mbili tatu kila jioni, usilimbikize. Lowesha, paka sabuni kwenye kola, makwapa na pindo tu, acha dakika 10, fikicha hapo hapo, kisha suuza mara mbili au tatu. Usinyonge nguo kama unavyokamua blanketi. Poliesta nyembamba hupinda mishono na hubaki na mikunjo. Ibonyeze kuanzia juu kwenda chini.

Sasa hatua ambayo wengi huiruka, nayo ndiyo yenyewe. Tandaza taulo kavu sakafuni, laza nguo juu yake, vikunje pamoja kama mkeka, kisha simama juu yake dakika moja ukihamisha miguu. Taulo litalowa sana, na hayo ndiyo maji ambayo yangekuchelewesha mpaka kesho mchana.

Kwa kuanika, beba kamba nyembamba ya mita mbili, vibanio sita na ndoano mbili tatu za sumaku. Kuta za vyumba vingi vya meli ni za chuma, sumaku hushika. Anza kwenye bafu mpaka zisidondoshe tena, halafu hamishia kwenye henga karibu na tundu la kiyoyozi, nguo na nguo ziachane vidole vinne. Kwenye kibaraza usianike. Meli nyingi hukataza, na upepo wa baharini hauna urafiki na vibanio.

SWALI: Julai natoka Uyole kwenda Kyela, napanda meli ya MV Mbeya II hadi Mbamba Bay, kisha Songea na Njombe. Nabeba begi la mgongoni tu. Nifue wapi?
Kijana wa Uyole

JIBU: Mdogo wetu, fua bondeni, vaa milimani. Ziwa Nyasa liko kwenye mwinuko usiozidi mita 500 juu ya usawa wa bahari, joto lipo, fulana inakauka mchana mmoja. Njombe iko karibu mita 2,000, na Julai hewa ya baridi hubeba mvuke kidogo; nguo uliyoianika jioni utaianua ikiwa mbichi vilevile, na baridi zaidi. Malizia kufua Songea.

Sweta usiliache, ila lisifuliwe njiani, vaa fulana ndani yake lisishike jasho. Ukifua ufukweni, chota maji kwa ndoo ufulie mbali na ziwa. Kichocho kipo Nyasa, mamba nao wapo, na povu lako halina kazi kwenye maji ambayo wengine wanakunywa. Tena usitandaze nguo kwenye majani. Kuna nzi anayetaga mayai mahali pa namna hiyo na funza wake huingia ngozini. Kamba, hata kama ni ya viatu.

SWALI: Huku Tukuyu mvua haikatiki, nguo zinanuka uvundo hata zikifuliwa upya. Mwenzangu anataka tuziwekee jiko la mkaa chumbani usiku.
Dada wa Tukuyu

JIBU: Jiko hilo litoke nje leo, dada. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na aliyelala haamki.

Uvundo ni vijidudu vinavyoongezeka nguo ikikaa na unyevu kwa saa nyingi, na sabuni ya kawaida haivimalizi. Loweka nusu saa kwenye siki nusu kikombe kwa maji lita nne, suuza, ndipo ufue kawaida. Siki na jiki visikutane kwenye beseni moja, hutoa gesi inayochoma mapafu. Kisha kamua kwa taulo kama tulivyomweleza mama wa Mafinga, na uanike barazani penye upepo, chini ya paa. Nguo chache kila siku hukauka. Lundo la Jumamosi huoza.