Hedi ya Datsun 240Z imepinda: je, kuskimu kunatosha?

Swali: Fundi, shikamoo. Marehemu baba aliniachia Datsun 240Z ya 1971, injini L24, hedi (kichwa cha injini, chenye valvu) imeandikwa E31. Mwezi uliopita ilichemsha nikitoka Voi kurudi Mombasa: hozi ya redieta ilipasuka, nami nikachelewa kutazama geji. Hedi tumeshaifungua. Tukiweka rula ya chuma, fila (kibamba chembamba cha kupimia mwanya) ya milimita 0.30 inapita katikati. Fundi wangu ataka tuskimu (tukwangue uso wa chini kwa mashine) milimita 0.6 "tuwe na uhakika", kisha tufunge. Ila kamshafti (mhimili wa kufungua valvu) haizunguki kwa mkono, hata tulipotoa roka zote, vile vikono vinavyosukuma valvu. Yeye asema ni kawaida. Ni kweli?

Jibu: Marahaba. La, si kawaida. Roka zikiwepo, kamshafti huwa nzito kwa sababu ya springi za valvu. Roka zikishatoka, inatakiwa izunguke kwa vidole viwili. Hiyo yako inakwambia kitu ambacho rula ya chini haikuonyeshi.

Hedi hii ni ya aluminiamu, bloku ni chuma cha kusubu. Joto likipanda, aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Bolti 14 zimeikamata kwa urefu wake, ikakosa pa kwenda ila juu. Ikafura katikati, na ilipopoa haikurudi. Sasa chukua ndizi, uikate tumbo mpaka likae sawa mezani. Mgongo je? Bado umepinda. Na mgongoni mwa hedi yako ndipo ilipo minara mitano inayobeba kamshafti. Ukiskimu chini tu, gasketi itakaa vizuri, lakini kamshafti iliyonyooka itakuwa inazunguka ndani ya matundu yaliyopinda. Itakula minara, au siku moja itakatika.

Kwa hiyo hedi inyooshwe kwanza, iskimiwe baadaye. Kamshafti itolewe. Minara yenyewe msiifungue. Kitabu cha Nissan kinakataza, maana mstari wake ukipotea ni kazi kuurudisha. Hedi ifungwe kwenye bamba nene la chuma lililosawazishwa, iwekewe shimu (vibamba vyembamba) ncha zote mbili, katikati ivutwe chini kwa bolti, taratibu. Unene wa shimu uwe karibu na upindo wenyewe, yaani 0.30 kwako, ili hedi ipindwe kidogo upande wa pili. Halafu iingie tanurini, nyuzi 200 hadi 230 za Selsiasi, kwa saa kadhaa, na ipoe humo humo bila haraka. Wanaopaka magari rangi ya unga wana tanuri kubwa za kutosha. Ya mwoka boflo iache, mwenyewe hatakushukuru. Mara nyingine hurudiwa mara mbili. Kipimo ni kile kile: kamshafti iingie na kuzunguka kwa vidole.

Kabla ya hayo yote, osheni hedi, muipime nyufa kwa hewa ndani ya maji ya moto, na muangalie midomo ya njia za maji. Kama gari lilikuwa likitiwa maji ya kisima badala ya kulanti, midomo hiyo huwa imeliwa na chumvi. Panapohitaji kuchomelewa pachomelewe sasa, kwa sababu kuchomelea nako hupinda.

Ikishanyooka, skimu kiasi cha kusafisha uso tu. Huenda ikatosha 0.1. Hiyo 0.6 ina gharama yake: silinda ya milimita 83 hupoteza takriban sentimita za ujazo 3 za chumba cha moto, na kompresheni (mbano wa silinda) yako ya 9 kwa 1 inasogea kuelekea 9.5. Kamshafti nayo hushuka karibu na krenkshafti, mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni, cheni inayoziunganisha inalegea, valvu zinachelewa kidogo. Gia ya kamshafti ina matundu matatu ya kurekebisha taimingi, lakini hayo yamewekwa kwa ajili ya cheni inayorefuka kwa uzee. Usiyamalize leo.

Siti za valvu msizibadilishe kwa hofu ya petroli isiyo na risasi. Ni za kupachikwa tangu kiwandani. Kama valvu hazijazama, zisagweni tu. Roka na vile vifuniko vidogo vya juu ya valvu virudi kila kimoja mahali pake. Wakati wa kufunga, injini ikiwa baridi, mwanya ni 0.20 kwa valvu za kuingiza na 0.25 kwa za kutolea. Nguvu ya kukaza bolti za hedi fuateni kitabu cha mwaka wa gari lako, kwani ilibadilishwa.

Kuna jambo hukuuliza, nami ndilo linalonitia wasiwasi. Mlipotoa gia ya kamshafti, mliweka kabari ya mbao katikati ya cheni? Bila kabari tenshena (kikaza cheni) huchomoka chini, ndani ya kava ya mbele, na haionekani ukiwa juu. Gari hili lilishinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973, lakini kwa tenshena iliyochomoka halifiki hata Changamwe. Mulikeni kwa tochi. Kama imetoka, kava ya mbele ifunguliwe sasa, wakati hedi iko nje na gasketi mpya haijawekwa.