Amplifaya ya valvu inavuma: sikiliza kwanza, kapasita baadaye

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Nimeunda amplifaya ya hedifoni yenye valvu (taa za kioo za kukuza sauti) mbili za 12AU7. Ina mvumo mzito hata volyumu ikiwa sifuri. Nimebadilisha kapasita zote za saplai, mvumo uko palepale.
Msomaji, Mikindani, Mtwara

JIBU: Mvumo usiojali volyumu unatokea ndani ya boksi, baada ya potenshometa (kitasa cha volyumu). Waya wa kuingizia muziki usiuhangaikie.

Sasa pima toni ya mvumo. Weka kwenye simu programu ya kutoa toni, piga hezi 50, halafu 100, ulinganishe. Umeme wetu ni wa hezi 50. Ukishapita kwenye daiodi nne, mabaki yake huwa ya hezi 100. Mvumo wa 100 ndio wa kapasita. Wa 50 hutoka kwenye hita (waya unaopasha valvu moto), transfoma au ethi, na wako una kila dalili ya kuwa huo. Tuanze na hita.

Zima, chomoa plagi, ushushe chaji ya kapasita kubwa kwa rezista ya kiloomu 10, wati 5, kisha hakikisha kwa mita kuwa zimebaki chini ya volti 5. Tafadhali usiruke hatua hii. Kapasita yenye volti 250 inaua hata plagi ikiwa nje. Tenganisha waya za hita na transfoma, ncha zilizobaki uzifunge tepu. Hita zilishe kwa betri ya volti 6, kama zile za mizani ya dijitali: pini 4 na 5 pamoja upande mmoja, pini 9 upande wa pili, hasi ya betri kwenye ethi ya saketi. Washa. Mvumo ukikatika, umeshampata mkosaji.

Rudisha hita kwenye transfoma, lakini waya zake mbili zisokote kwa kubana na uzipitishe kwenye kona ya bati la boksi, mbali na gridi, yaani pini za valvu zinazopokea sauti (2 na 7). Funga rezista mbili za omu 100, nusu wati, kila moja kutoka upande mmoja wa hita hadi ethi. Transfoma ikiwa na waya wa kati wa hita, peleka huo kwenye ethi, rezista uziache.

Betri isiposaidia, izungushe transfoma nyuzi 90, umeme ukiwa umezimwa.

SWALI: Yangu huvuma laptopu ikiwa kwenye chaji tu. Nimeshauriwa nikate waya wa ethi kwenye plagi. Ni sawa?
Msomaji, Lindi mjini

JIBU: Usikate kamwe. Insulesheni ya transfoma ikiungua, bati lote litakuwa na volti 230, nawe umevaa hedifoni. Mvumo huo ni wa mzunguko wa ethi kati ya chaja na amplifaya. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Ukibaki, weka transfoma ndogo ya sauti ya omu 600 kwa 600 kwa kila chaneli, kati ya laptopu na amplifaya.